Posta ya Kutisha Imechekesha: Mwachieni Dogo, Muulizeni Staa Alimlipa Shilingi Ngapi

Wadau, wiki iliyopita mliona wenyewe. Staa mmoja mkubwa wa filamu hapa Bongo (jina nalimeza, mawakili wana njaa mwezi huu) alitupia kwenye ukurasa wake posta ya filamu yake mpya ya kutisha. Giza, mwezi mpevu, mbuyu, nyumba ya udongo, na katikati jina la filamu kwa herufi nyekundu zinazochuruzika damu. Chini akaandika: "Usiiangalie ukiwa peke yako." Baada ya dakika kumi watu walikuwa wanaiangalia na ukoo mzima, mbavu hawana.

Mmoja aliuliza hiyo ni damu au tomato sosi ya chipsi mayai. Mwingine akauliza keki inakatwa saa ngapi. Kuna dada aliomba aazimwe hizo herufi kwa ajili ya mahafali ya chekechea ya mwanawe. Na mimi nilicheka, sitawadanganya, nilicheka mpaka jirani kwenye daladala akachungulia simu yangu.

Kilichonikata kicheko ni cha saa mbili usiku. Staa akaweka stori: kwamba ile posta sio kazi ya timu yake, ni dogo mmoja waliamua kumpa nafasi, kawaangusha. Na akaunti ya dogo akaibandika palepale. Basi mashabiki wakahamia kwa dogo. Ndani ya usiku mmoja katukanwa yeye, katukanwa mama yake, na kuna aliyemshauri akauze mihogo. (Kuuza mihogo ni kazi safi tu, na muuza mihogo humwambii "nitakulipa filamu ikitoka". Tuendelee.)

Nilimtafuta dogo. Ana miaka 21, anafanyia kazi sebuleni kwa shangazi yake, kwenye laptopu ambayo betri yake ilishakufa zamani, inaishi kwa waya tu. Hakutaka kuongea. Alichofanya ni kunionyesha meseji. Kazi aliipata saa nne usiku. Staa kaandika: "Dogo fanya chap, kesho asubuhi natupia." Dogo kajibu: "Bosi naomba hata siku tatu, nikutengenezee herufi za peke yake." Staa: "Herufi si zipo? Weka zile za damu." Bei: elfu thelathini. Kumi ilitumwa usiku uleule, ishirini mpaka leo iko njiani, nadhani imepanda treni.

Sasa hoja yangu ni hii, na najua kuna watakaonuna. Posta ilikuwa mbovu. Sitetei posta. Ila ubovu wake haukuletwa na dogo kukosa kipaji. Uliletwa na staa kuamini kwamba woga ni kitu unachokikuta kimeshapikwa, unabonyeza tu, kinatoka. "Herufi si zipo?" Hapo ndipo filamu ilipoanza kuchekesha, kabla dogo hajawasha laptopu.

Ngoja niwaonyeshe kitu ambacho mlikiona bila kujua kwamba mmekiona.

Jina la kweli la filamu silitaji, ukilitaja umemtaja mwenyewe. Tuseme inaitwa LAANA YA BABA. Hesabu na mimi: herufi 11, na kati ya hizo A ziko 6. Sita! Rudi kwenye skrinishoti yako, maana najua umehifadhi, uangalie posta yenyewe kwa jicho hilo. Kila A ina tone la damu linaloteremka kutoka mguu wa kulia. Tone lilelile. Urefu uleule. Kimkwaruzo kilekile pale juu, kama alama ya ndui begani. A sita, mapacha sita, wamevaa sare kama wasimamizi wa harusi.

Hiyo ndiyo siri ya fonti chakavu, hizi za kutu, za kucha, za damu, za karatasi iliyooza. Fonti ukiitazama vizuri ni sanduku tu la michoro. Kuna mchoro mmoja wa A, mmoja wa B, na kuendelea. Ukibonyeza A mara sita, unaletewa mchoro uleule mara sita. Kwa fonti ya kawaida, ya gazeti au ya barua ya kazi, hilo ndilo tunalotaka. A zote zifanane, jicho lipite bila kujikwaa. Lakini fonti chakavu inakusimulia hadithi nyingine. Inakuambia kwamba kila herufi ilipata ajali yake, hii ilikwaruzwa na msumari, ile ilimwagikiwa, nyingine ililiwa na mchwa. Ajali haijirudii mara sita kwenye mguu uleule. Jicho linaigundua hila hiyo kabla akili haijaipa jina, na jicho likishagundua hila, woga unavua viatu unaondoka. Aliyeandika "tomato sosi" huenda hajawahi kulisikia neno fonti maishani mwake. Lakini alichokiona alikiona.

Na hapa Waswahili tunaumia kuliko wenzetu. Fonti nyingi za kutisha zimechorwa na watu wanaozijaribu kwa maneno ya Kiingereza. Andika DEMON NIGHT, herufi kumi, inayojirudia ni N tu. Inapendeza, hila haionekani. Sasa njoo kwetu. Lugha yetu ni ya irabu, maneno yetu yanaishia na irabu, na A ndiyo mama wa nyumba, iko kila chumba. KABURI LA MAMA. MASALIA. DAMU YA MWANA. Fonti iliyotisha kwa mwenzako kule Marekani ikija Manzese inageuka gwaride. Halafu tunasema dizaina wa kibongo hajui. Anapigana na sanduku ambalo halikutengenezwa kwa ajili ya mdomo wake.

Bado hujakutana na ng'. Zile fonti za majaribio za bure mara nyingi hazina hata alama ya ritifaa. Niliwahi kuona kava la hadithi lenye "NG OMBE" na pengo katikati, kama aliyeng'olewa jino. Nyingine tarakimu hazina, kwa hiyo mwaka wa filamu unaandikwa kwa fonti tofauti, unakaa pale chini kama mgeni asiyealikwa.

Dawa ipo. Wachoraji wazuri wa fonti hizi huficha mchoro wa pili kwenye nafasi ya herufi ndogo, kwa hiyo ukichanganya kubwa na ndogo, ukaandika "LAaNA", unapata A mbili zenye makovu tofauti. Nyingine zina herufi mbadala kibao ndani, programu inazibadilisha yenyewe. Na kama fonti haina hata kimoja, unaigeuza iwe mchoro, unakaa na kila herufi, hii unaikata mguu, ile unaiongezea ufa, ile unaifuta nusu. Ni kazi ya kuchosha. Fonti za aina hii zina vijipengele vingi mno kwenye kingo, laptopu dhaifu inapumua kama mgonjwa wa pumu kila ukigusa kitu.

Nilimuuliza dogo kama aliziona zile A. Akanitazama kama nimemtusi. "Kaka, nilianza kuzirekebisha saa tisa usiku. Nimefika ya tatu, umeme ukakata." Na laptopu si mnakumbuka inaishi kwa waya? Asubuhi staa anapiga simu, dogo akatuma toleo la kwanza lililokuwa tayari kwenye simu yake. Hilo ndilo mlilolicheka.

Sasa kwa wanaosema "mbona wazungu wanatumia hizohizo na zinatisha". Hapana. Hebu tuangalie.

Ukifungua kompyuta nyingi zenye Microsoft Office utakuta fonti inaitwa Chiller. Nyembamba, kingo zimechanika, kama imeandikwa na mtu anayetetemeka. Ilichorwa na Andrew Smith mwaka 1995. Ilipotoka ilikuwa kitu. Tatizo lake ni kwamba ilikuja ndani ya kila kompyuta, kwa hiyo ikaenda kila stationari, ikaandika matangazo ya disko, kadi za kipaimara, na "ZIMA SIMU YAKO" za saluni. Kitu ulichokiona kwenye kadi ya kipaimara hakiwezi kukutisha tena usiku.

Mwaka huohuo wa 1995 ilitoka filamu ya Se7en, ya David Fincher. Wale waliowahi kuiangalia wanajua, majina ya waigizaji pale mwanzo peke yake yanatosha kukufanya ukaangalie kama mlango umefungwa. Aliyeyasimamia ni Kyle Cooper, na nyingi ya herufi zile hazikutoka kwenye sanduku lolote. Zilikwaruzwa kwa mkono. Hakuna mbili zinazofanana kwa sababu mkono haukurudia. Baada ya pale dunia nzima ikataka ule mkwaruzo, na mafonti yakamwagika ya kuuigiza. Kwa hiyo mnachokiita "staili ya Hollywood" ni kivuli cha kazi ambayo mtu alikaa akaikwaruza.

Kuna Waholanzi wawili, Just van Rossum na Erik van Blokland, waliliona tatizo la mapacha mapema sana, mwishoni mwa miaka ya 1980. Wakatengeneza fonti inaitwa Beowolf ambayo kingo zake zilikuwa zinahama zenyewe kila inapochapwa, kwa hiyo A haikutoka sawa mara mbili. Mtu anahangaika kufundisha kompyuta kukosea ili ifanane na binadamu! Huyohuyo van Blokland ndiye aliyechora Trixie, ile ya taipureta chafu mliyoiona kwenye jina la X-Files.

Halafu kuna Stranger Things. Nembo ile ya 2016 haina tone hata moja la damu. Haina ufa, haina kutu. Ni fonti safi kabisa, Benguiat, kazi ya Ed Benguiat ya miaka ya 1970, imewekewa mistari myekundu inayong'aa gizani, herufi zikasogezwa polepole mpaka zikakutana. Basi. Na ulipoiona mara ya kwanza ulikaa vizuri kwenye kochi. Kwa hiyo damu sio lazima. Mara nyingi damu ni uvivu. Ukiandika neno LAANA halafu ukalimwagia damu, umeliambia jambo moja mara mbili, kama mtu anayesimulia kichekesho halafu anakicheka mwenyewe.

Kitu kingine ambacho staa hakukifikiria ni kwamba posta siku hizi haiishi ukutani. Inaishi kwenye simu, kwenye kile kipicha cha YouTube kidogo kuliko kidole gumba. Yale makwaruzo yote yakibanwa pale yanazibana, herufi inageuka doa. Jina la filamu yako linasomeka kama mtu aliyepangusa kidole baada ya kula embe. Ukitaka kujaribu, ipunguze posta mpaka iwe saizi ya stempu kabla hujaituma. Kama jina halisomeki, hakuna mtu atakayeogopa, maana hakuna mtu atakayebonyeza.

Najua mnachotaka kuniambia. "Si alikubali hela mwenyewe? Kwani alishikiwa panga?" Haya, tuongee hilo kwa ukweli. Dogo ana makosa yake. Alitakiwa aseme hapana, au achukue fonti nzito ya kawaida isiyo na madoa, aweke jina dogo kwenye giza kubwa, amalize kwa saa moja na ingetisha kuliko ile. Nilimwambia hivyo, akanyamaza. Lakini mtu wa miaka 21 akipigiwa simu saa nne usiku na mtu ambaye bango lake liko Ubungo kubwa kuliko nyumba ya shangazi yake, hasemi hapana. Na staa anajua hasemi hapana. Ndiyo maana alimpigia yeye na sio ofisi yenye mlinzi getini.

Kuna makosa mengine ya dogo, na hili ni langu pia kwa hiyo nalisema kwa adabu. Ile fonti aliishusha kwenye tovuti ya fonti za bure, na pembeni ya kitufe cha kushusha kuna maneno madogo ambayo hakuna anayeyasoma: bure kwa matumizi binafsi. Maana yake kadi ya birthday ya mdogo wako, ruksa. Posta ya filamu inayouzwa tiketi, hapana, unatakiwa umlipe aliyechora.

Mimi yalinikuta mwaka 2016. Nilikuwa nafanya posta kwenye stationari moja Sinza, nikapata kazi ya ukumbi mmoja wa starehe (na hili jina nalimeza), usiku wa Halloween, mambo ya mapopo na mafuvu. Nikashusha fonti, nikaandika, nikalipwa elfu ishirini na tano, nikala kuku. Baada ya wiki mbili ikaja barua pepe kutoka kwa aliyechora ile fonti. Mstaarabu kweli, hakunitishia polisi. Kaandika tu kwamba ameiona kazi yake kwenye tangazo la biashara, anafurahi, na leseni ni dola 20. Nikaenda kwa mteja. Mteja akaniambia, "Fonti ni yako, mimi nilinunua posta." Dola 20 wakati ule ilikuwa zaidi ya elfu arobaini. Nikalipa. Kadi ya benki niliazima kwa rafiki, na mpaka leo tukikutana ananiita Dracula.

Kilichoniuma baadaye sio hela. Ni kwamba yule mtu alinitumia picha ya karatasi aliyochorea. Alichovya mswaki kwenye wino akaupiga kwenye karatasi, herufi moja moja, halafu akazipiga picha, akazisafisha, akaziingiza kwenye programu. Kumbe naye alikuwa dogo wa mtu, anasubiri ishirini iliyoko njiani.

Na staa wetu? Mwaka jana huyuhuyu alilia redioni kuhusu wanaouza filamu zake kwenye flashi kwa buku. Aliwaita wezi, akaomba serikali iingilie. Nilimuunga mkono, nikamsambazia ile klipu. Leo posta yake imesimama juu ya fonti ambayo hakuna aliyeilipia, na dogo ambaye hajamaliziwa. Sijui maharamia wanaitwaje wakivaa suti.

Kwa mnaofanya kazi hizi na hamna hela ya leseni: Google Fonts kuna Creepster, Nosifer, Butcherman, Eater. Leseni yao ni ya wazi, unaweza kutumia hata kwenye biashara, unachokatazwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Nosifer ndiyo ya kuchuruzika, kama bado mna ugonjwa wa damu. Ila mkumbuke kila mtu anazo. Mapacha bado ni mapacha hata wakiwa halali, mtarudi kulekule kwenye kukata miguu ya A.

Ila kuna jambo ninalolifikiria tangu ile posta, na ndilo lililonifanya niandike badala ya kulala.

Hivi sisi tunaogopa herufi gani? Namaanisha sisi, wa hapa. Damu inayochuruzika ni ya majarida ya vichekesho vya kutisha ya Marekani ya miaka ya 1950, tumeikuta tu. Bibi yangu ukimwonyesha Chiller atakuuliza nani kaharibu karatasi. Lakini mpeleke mtu mbele ya ukuta wenye X nyekundu na neno BOMOA. Waulize waliokuwa wanaishi kando ya Barabara ya Morogoro, Kimara kwenda Kiluvya, mwaka 2017. X ya brashi, imepigwa kwa haraka na mtu ambaye hakukuangalia usoni, rangi imezidi ikateremka ukutani yenyewe. Hiyo ndiyo damu inayochuruzika, na haikuwekwa na programu. Kuna watu mpaka leo wakiona X nyekundu tumbo linashika.

Au ile NYUMBA HII HAIUZWI. Ukiisoma unajua papo hapo kwamba ndani kuna ndugu hawaongei, kuna marehemu, kuna mtu alikuja na hati feki. Maneno matatu tu, rangi ya mafuta, mstari umepinda kwa sababu aliyeandika alikuwa na hasira. Filamu nzima ya saa mbili imo mle. MBWA MKALI kwenye geti lililopata kutu. HATARI ya kwenye nguzo za umeme, na lile fuvu lililofifia. Usiku, taa ya bodaboda ikiimulika ghafla, hakuna fonti duniani inayofikia.

Hatujawahi kuhitaji vitisho vya kuazima. Popobawa ilipoitikisa Pemba na Unguja mwaka 1995 watu walilala nje kwa makundi, na hakukuwa na posta wala treila. Kanda za Nsyuka na Shumileta zilipozunguka mtaani miaka ya 2000 sisi watoto tulikuwa hatuendi chooni peke yetu, na bajeti ya zile filamu sidhani kama inafikia nauli ya ndege ya staa wetu kwenda kupiga picha Dubai.

Nilimwambia dogo haya yote nikiwa nimesisimka, nanyoosha mikono kama mhubiri wa stendi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake asubuhi akanitumia picha kwenye WhatsApp, bila neno. A ya ukutani, nyekundu, mguu mmoja umefutika kwa mvua. Mchana ya pili, ya kwenye bati, imetobolewa na kutu. Jioni nne. Anatembea mtaani na simu, anapiga picha, akirudi anazigeuza nyeusi na nyeupe tupu mpaka ukuta unapotea inabaki rangi peke yake, anazipanga. Hana fonti bado, anasema. Ana A tu. Anasema B itakuja yenyewe, kwanza anataka A zisipungue ishirini, ili hata jina la filamu likiwa na A sita kusiwe na mbili zinazofahamiana.

Staa nimemtumia ujumbe nikimuuliza kuhusu ile elfu ishirini na ile stori. Ameusoma. Tiki mbili za bluu, tangu Jumatano.

Mpaka naandika hapa dogo amefikisha A 14. Kama geti lenu limeandikwa MBWA MKALI, mna mbili hapo. NYUMBA HII HAIUZWI, nyingine mbili. HATARI, mbili. Piga picha herufi tu, karibu kabisa, usitupigie nyumba ya mtu wala namba ya mtu, dondosha hapo chini nitamfikishia. Za kuchapwa kwa kompyuta hazitaki.